Daftari la Funguo

Kabla nyaya za chini ya bahari hazijafika pwani yetu mwaka 2009, intaneti ya Dar es Salaam ilikuwa ikishuka kutoka kwenye setilaiti. Kampuni inayojiweza ilifunga dishi juu ya paa, ikalipa fedha nyingi kwa mkondo mwembamba ambao leo mwanafunzi mmoja mwenye simu angeumaliza peke yake, halafu ikatafuta jirani wa kuchangiana naye gharama. Jirani mwenyewe alikuwa jengo la ng'ambo ya barabara, au ghorofa la Upanga lililoonana na ghorofa la Kariakoo. Kuchimba lami ili kupitisha kebo kulitaka vibali na fedha. Ndiyo maana waifai, ambayo wenzetu wa Ulaya na Marekani waliipokea kama kitu cha sebuleni, sisi tuliipokea juu ya mapaa. Kazi yake ya kwanza kwetu ilikuwa kubeba intaneti kutoka jengo hadi jengo.

Nimeifanya kazi hiyo tangu ujana wangu, na sasa nawafundisha wanaotaka kuifanya. Kila ninapopokea darasa jipya naona mengi waliyonayo ambayo sisi hatukuyapata. Naona pia jambo moja tulilokuwa nalo ambalo limepotea njiani, na kupotea kwake kunaniuma.

Vifaa vya wakati ule vilikuwa vya kiwango cha 802.11b, kilichopitishwa mwaka 1999. Kwenye boksi viliandikwa megabiti 11 kwa sekunde. Ukipata nusu yake ulishukuru. Antena za kununua zilikuwa ghali, kwa hiyo nyingine tulizitengeneza wenyewe kwa makopo ya bati: unatoboa ubavuni, unapachika kiunganishi, na ndani unasimamisha kijiti cha shaba chenye urefu wa milimita 31 hivi, yaani robo ya wimbi la gigahezi 2.4. Ukikata kifupi kwa milimita chache, antena inasikia kwa shida. Upepo wa bahari ulikula chuma, hivyo maungio yote yalipakwa grisi na kuzungushiwa utepe wa mpira. Masika ikiingia, mwembe uliosimama katikati ya majengo mawili unalowa, majani yanameza mawimbi, na simu zinaanza kupigwa ofisini kwamba mtandao umekata. Mwenye mwembe hakubali ukatwe. Tunapandisha nguzo.

Aliyetufundisha hayo yote hakuwa na cheti hata kimoja cha mitandao ya kompyuta. Alikuwa mzee aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye redio koli, zile za masafa marefu zilizounganisha wilaya na mikoa kabla simu za mkononi hazijaja. Tulimwita Mzee, basi, na asubuhi ilianza kwa shikamoo kabla mtu hajashika bisibisi. Kompyuta alizijulia ukubwani. Redio aliijua nje ndani, na huko alikotoka alikuja na imani moja ambayo hakuna kijitabu cha maelekezo kilichoweza kuitikisa: ukishasema hewani, mwenye masikio ameshakusikia. Mtu wa redio koli hakutaja mishahara hewani, wala hakutaja gari la fedha linapita njia ipi. Alijua yuko anayesikiliza, hata kama hajawahi kumwona.

Mzee alikuwa na kaunta buku lenye jalada gumu, ambalo alilifungia kwenye kasha la chuma pamoja na risiti. Kila kiungo cha mtandao kilikuwa na ukurasa wake humo: jengo hili na jengo lile, tarehe ufunguo ulipowekwa, na bahasha ndogo iliyogundishwa yenye ufunguo wenyewe. Chini ya hapo aliandika majina ya kila aliyeujua. Tulipoteremka kutoka paani alikuwa na swali moja: "Nani mwingine anaujua?" Ukimjibu kwamba ni wewe peke yako, aliuliza tena, "Na yule aliyekusomea herufi ulipokuwa juu ya ngazi?" Ufunguo wa siku hizo ulikuwa na herufi na tarakimu kumi, na kweli palikuwa na kijana chini aliyekuwa akizisoma kwenye karatasi kwa sauti. Jina lake likaandikwa. Mlinzi aliyeshika ngazi naye akaulizwa alisikia nini.

Mtu akiacha kazi, iwe kwa heri au kwa ugomvi, Mzee alilikata jina lake kwa kalamu nyekundu na siku ileile tukapanda kubadilisha funguo zote alizokuwa akizijua. Kazi hiyo ilikuwa na mpangilio wake. Unaanza kubadilisha upande wa mbali, kiungo kinakatika papo hapo, kisha unabadilisha upande ulipo na kuomba Mungu kirudi. Ukianza na upande ulipo umejifungia nje, na kule mbali hufiki tena isipokuwa kwa daladala. Ukikosea herufi moja upande wa mbali, safari ni ileile. Tulinung'unika sana. Mzee hakutujibu, alikuwa akisubiri pembeni na kalamu yake.

Na ufunguo wenyewe tuliokuwa tukiulinda namna hiyo ulikuwa na kasoro tangu ulipozaliwa. Uliitwa WEP, na ulikuwemo kwenye kiwango cha kwanza cha waifai cha mwaka 1997. Urefu wake wa biti 40 ulitokana kwa sehemu na masharti ya Marekani ya wakati ule juu ya kusafirisha nje teknolojia ya usimbaji. Kwenye kila paketi uliungwa na namba ya biti 24 iliyobadilika-badilika na kusafiri wazi, bila kufichwa. Biti 24 zinatoa namba 16,777,216. Zinasikika nyingi, lakini mtandao wenye shughuli unazimaliza kwa saa chache tu, na zikiisha zinarudi zilezile. Usimbaji wa aina ile, RC4, hauvumilii marudio: paketi mbili zilizofichwa kwa namba moja zinamfumbua macho msikilizaji.

Mwaka 2001 mambo yakawekwa hadharani. Nikita Borisov, Ian Goldberg na David Wagner walionyesha jinsi marudio yale yanavyotumika kuvunja ulinzi. Baadaye mwaka huohuo Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir wakaonyesha jambo zito zaidi, kwamba baadhi ya namba zile huvujisha ufunguo wenyewe, kipande kwa kipande, kwa mtu aliyekaa kimya akisikiliza. Kabla mwaka haujaisha programu iitwayo AirSnort ikawa inapatikana bure, ikifanya kazi hiyo kwa yeyote mwenye kompyuta na kadi ya waifai inayofaa.

Habari zilipotufikia ofisini, kijana mmoja alizichapa na kumwekea Mzee mezani. Alizisoma taratibu, akavua miwani, akasema redio ni redio. Mchana ule alituagiza tuanze kuhamisha mambo ya wahasibu wa wateja wetu ndani ya handaki la VPN, ili hata ufunguo wa hewani ukivunjwa, msikilizaji akute kitu kingine kilichofungwa. Hakushtuka kwa sababu hakuwahi kuiamini hewa hata siku moja. Sisi vijana, tuliokuwa tumeamini maandishi ya kwenye boksi, ndio tulioshtuka.

Mafunzo ya kazi hii yalikuwa machache, na yale yaliyokuwepo yalithaminiwa sana. Cisco walikuwa wameanzisha akademia zao mwaka 1997 na cheti cha CCNA mwaka 1998, lakini ada ya mtihani kwa mshahara wa fundi ilikuwa mlima. Mwaka 2000 ikaanza AfNOG, umoja wa wahandisi wa mitandao wa Afrika, uliokuwa ukihama nchi hadi nchi kila mwaka na kufundisha kwa vifaa halisi vilivyopangwa mezani, walimu wengi wakiwa Waafrika wenyewe waliokuwa wakiendesha mitandao makwao. Huko Trieste, Italia, kituo cha fizikia cha ICTP kikawa kinawaita watu kutoka nchi zetu kujifunza mitandao ya redio. Mwaka 2006 kikatoka kitabu cha bure, Wireless Networking in the Developing World, kilichoandikwa kwa ajili ya watu wa mazingira kama yetu: umeme wa kubahatisha, milima, miti, bajeti ndogo. Tulikichapa kurasa kwa kurasa na kukitia nyuzi. Nakala ya ofisini ilichakaa kwa mafuta na jasho mpaka sura ya antena ikabanduka.

Mwenzetu mmoja alipobahatika kwenda kwenye warsha mojawapo, hakurudi na cheti tu. Jumamosi iliyofuata alitukusanya, akafundisha alichofundishwa, na kila mmoja wetu akajua kwamba zamu yake ikija atatakiwa kufanya hivyohivyo. Hakuna aliyeandika sharti hilo mahali popote.

Darasa ninalolikumbuka kuliko yote ni la mwaka 2007. Mwaka huo Erik Tews, Ralf-Philipp Weinmann na Andrei Pyshkin wa Darmstadt, Ujerumani, walitangaza njia ya kuvunja WEP, hata ile ndefu ya biti 104, kwa chini ya dakika moja. Tuliweka ruta yetu wenyewe katikati ya meza, tukaichagulia ufunguo kwa kura ili asiwepo anayeujua wote, na kompyuta ya pili tukaiweka kona ya chumba, haijaunganishwa na chochote. Skrini ilikuwa nyeusi na maandishi meupe. Mstari mmoja ulihesabu paketi zilizokusanywa: elfu tano, elfu kumi na mbili, elfu ishirini. Mbele ya elfu arobaini programu ikasimama, ikaandika ufunguo wetu, herufi kwa herufi. Dada mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye ofisi ya forodha alitoka nje ya chumba na simu. Tulimsikia kwenye korido akiwaambia wenzake wa ofisini wazime ile ruta ya ghala, sasa hivi, bila kungoja bosi arudi.

Alikuwa na sababu nzuri ya kuogopa. Januari ya mwaka huohuo kampuni ya maduka ya Marekani, TJX, ilikuwa imetangaza kwamba imeingiliwa. Magazeti ya huko yaliandika kwamba wezi walianzia kwenye waifai ya duka moja jimboni Minnesota, iliyokuwa bado inalindwa kwa WEP, wakaingia mpaka kwenye kompyuta kuu. Kampuni yenyewe ilikiri kwamba namba za kadi za benki zisizopungua milioni 45.7 ziliibwa. WPA, mrithi wa WEP, ilikuwa imekwisha kutoka mwaka 2003, na WPA2 mwaka 2004. Dawa ilikuwepo sokoni kabla ya wizi huo kugunduliwa.

Siku hizi vijana wanaokuja kwangu wana vitu ambavyo tungevililia. Wana programu ya Packet Tracer, wanajenga mtandao wa mkoa mzima kwenye skrini na kuubomoa bila kuharibu hata waya mmoja. Wana video, wana vyuo, wana walimu waliosomea. Wasichana ni wengi darasani, na baadhi yao wananipita mimi kwa mbali kwenye hesabu za masafa. Ulinzi wenyewe umekomaa. Machi 2006 WPA2 ikawa sharti la kifaa kipya kupewa nembo ya Wi-Fi. Mwaka 2010 Eric Butler alitoa programu iitwayo Firesheep iliyomwezesha mtu yeyote kwenye mgahawa kuingia kwenye akaunti ya Facebook ya jirani yake wa meza. Leo karibu kila tovuti kubwa husafirisha mambo yake yakiwa yamefichwa tangu mwanzo, na hila ile imekufa. Mwaka 2017 Mathy Vanhoef wa chuo cha KU Leuven, Ubelgiji, alipoonyesha kwamba hata WPA2 inaweza kulazimishwa kurudia hesabu zake, marekebisho ya programu yalitoka upesi, na mwaka uliofuata ikaja WPA3. Haya ni maendeleo ya kweli. Sitaki kuyadharau, na siyadharau.

Lakini mwulize mhitimu mwenye cheti kipya, "Nani mwingine anaujua ufunguo huu?" Anakutazama. Swali halikuwepo kwenye mtihani.

Nimekaa na vijana wengi nikitafuta limepotelea wapi. Sehemu ya jibu imo kwenye namna mtihani unavyotengenezwa. Unasahihishwa na mashine, kwa hiyo unauliza yanayosahihishika: WPA3 inatumia njia gani ya kubadilishana funguo, mlango upi unatumiwa na huduma ipi. Haya ni mambo ya kujua. Ila nidhamu ya kumfuatilia mtu aliyeondoka kazini haiwekeki kwenye vijiduara vya kuchagua A, B au C. Halafu kuna majibu ya mitihani yanayozunguka kwenye makundi ya simu. Kijana anakariri wiki mbili, anafaulu, na cheti kinadumu miaka mitatu. Zabuni nazo zinadai idadi ya vyeti. Hazidai kuona orodha ya wenye funguo. Mwajiri anayeandika tangazo la kazi anataka mtu mmoja atakayetengeneza printa, kamera za ulinzi, mashine ya kuchapa risiti na mtandao, na mtu huyo hapati nafasi ya kukaa chini kuuliza maswali ya Mzee.

Matokeo yake nayaona kila ninapoingia mahali. Nywila imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito ukutani mapokezi. Nyuma ya kaunta, mtandao uleule unabeba mashine ya malipo. Mteja anasema, "Naomba paswedi," na kabla hajamaliza ameshaoneshwa ukuta. Watu wanaamini kwamba nywila inamzuia mgeni na basi, lakini kwenye WPA2 ya nywila moja kwa wote, anayeijua na aliyenasa salamu ya hatua nne ambayo simu yako hupeana na ruta anaweza kufumbua mazungumzo yako yote ya hewani. Kama tovuti zisingekuwa zinajificha zenyewe, tungekuwa palepale pa mwaka 2001. WPA3 imeliziba shimo hilo, lakini ruta nyingi nizionazo maofisini hazijui WPA3, na zile zinazoijua zimewekwa kwenye hali ya mchanganyiko ili simu za zamani zisikatike.

Kuna desturi nyingine ya kwetu inayonisumbua zaidi: kuweka namba ya simu kuwa nywila. Ni rahisi kukumbuka, ina tarakimu kumi, na mwenye duka anaiona ndefu. Ihesabuni pamoja nami. Namba nyingi zinaanza na 06 au 07, kwa hiyo tarakimu mbili za mwanzo mwizi anazo tayari. Zinazobaki ni nane, yaani michanganyiko milioni 100 kwa kila mwanzo. WPA2 huipika nywila mara 4,096 pamoja na jina la mtandao ili kumchelewesha anayebahatisha, na mwaka 2004 huo ulikuwa ulinzi wa maana. Kadi nzuri ya grafiki ya leo, ile ya kuchezea michezo ya kompyuta, hujaribu nywila mamia ya maelfu kwa sekunde. Milioni 100 zinaisha ndani ya dakika chache, tena akiwa kwake nyumbani, maana salamu ile ya hatua nne ameinasa akipita njiani. Na mara nyingi hahitaji kujaribu zote. Namba yenyewe imeandikwa kwenye bango la duka.

Wanafunzi wangu wanaijua hesabu hiyo nikiwapa. Wanaifanya haraka kuliko mimi. Ninachotaka waone ni kwamba hesabu hiyo ni sehemu ndogo ya tatizo. Nilipata kuitwa kwenye ofisi moja ambayo nywila yake ilikuwa ndefu, ya kubahatisha kweli, haivunjiki kwa kadi yoyote. Ilikuwa haijabadilishwa tangu ofisi ifunguliwe. Mhasibu aliyefukuzwa alikuwa nayo. Fundi wa kamera aliyekuja siku moja alikuwa nayo, na kampuni iliyomtuma ilikuwa imeiweka kwenye kundi la WhatsApp la mafundi wake. Ni duka lenye kufuli jipya la gharama ambalo funguo zake zimegawiwa mtaa mzima.

Njia ya kuepuka hayo ipo, na ina umri mkubwa kuliko baadhi ya wanafunzi wangu. Kila mtu anapewa jina lake na siri yake, au cheti cha kidijitali kwenye kifaa chake, na seva moja inaamua nani aingie. Jina la kiufundi ni 802.1X. Mtu akiondoka unafuta mstari mmoja na hakuna anayepanda ngazi. Vyuo vinavyotumia eduroam vinaishi hivyo: kule Kenya kupitia KENET na Uganda kupitia RENU, mwanafunzi wa chuo kilichojiunga Kampala akifika chuo kilichojiunga Nairobi, simu yake inaunganishwa kwa jina lake la nyumbani bila kuomba nywila ya mtu. Mzee angeipenda sana. Angeuliza pia swali lake, na angekuwa na haki, kwa sababu kwa miaka mingi watu walipokuwa wakiunganisha simu walichagua palipoandikwa usithibitishe cheti cha seva, ili wamalize haraka. Simu isiyothibitisha humpa siri yake yeyote aliyejipachika jina la mtandao huo. Android walianza kuliondoa chaguo hilo mwishoni mwa mwaka 2020. Mafundi waliofunzwa kubofya hapo bado wapo kazini.

Sheria nazo zimekuja. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kenya ina yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Hizi mbili za ulinzi wa taarifa zinamtaka mwenye kuhifadhi taarifa za watu azilinde. Sijui utazilindaje kama huwezi kusema ni nani anayeweza kuingia ulikoziweka.

Mzee alistaafu akarudi Muheza kwenye michungwa yake, na amekwisha kutangulia mbele ya haki. Ofisi ilinunuliwa, ikahama. Waliohamisha walikuta kasha la chuma, wakaokoa risiti kwa ajili ya wakaguzi, na kaunta buku likaenda na makaratasi mengine ya kuchoma. Wakati ule viungo vyote vilikuwa vimeshabadilishwa kuwa nyaya za kioo, na kwa mtu aliyetazama haraka halikuwa na kazi tena. Mimi nilipata habari baadaye. Laiti ningekuwepo, ningeomba angalau kurasa zile zenye wino mwekundu, nizipitishe darasani mkono kwa mkono.

Kwa kuwa sinazo, nimeweka zoezi. Kabla mwanafunzi hajagusa kifaa chochote, anachagua mahali anapofanya kazi au anapojitolea, anaomba ruhusa ya mwenye mahali, na anaandika kila mtu anayejua nywila ya waifai hapo na ya kuingilia ndani ya ruta yenyewe, na aliipata kwa nani. Haruhusiwi kukisia; anauliza. Wengi hurudi wakiwa wamechoka na wamekasirika kidogo, na baadhi wananiambia, "Mwalimu, hii si kazi ya uhandisi."

Mwezi uliopita dada mmoja anayejitolea kwenye zahanati alileta orodha yake. Majina yalikuwa mengi kuliko wafanyakazi wa zahanati. Yalikuwemo ya walioacha kazi, ya ndugu wa wagonjwa waliolala, ya muuza dawa anayepita kila wiki, ya watoto wa nyumba ya jirani. Kuhusu nywila ya ndani ya ruta, alikuta ni ileile iliyokuja nayo kutoka kiwandani, imebandikwa chini yake. Kompyuta ya maabara, yenye majibu ya vipimo, ilikuwa kwenye mtandao huohuo. Alikuwa amekwishaongea na mganga mfawidhi, ambaye alimsikiliza vizuri, akakubali kwamba jambo ni zito, na kumwambia wabadilishe mwisho wa mwezi, kwa sababu simu za kuunganisha upya ni nyingi na watu watalalamika. Dada aliniuliza afanyeje. Nilimwambia simu zinaweza kusubiri mwisho wa mwezi, ila ya maabara aitenge kesho, kwa kebo, na nywila ya ndani ya ruta aibadilishe jioni hiyohiyo mganga akiwa pembeni yake, kisha aandike majina mawili na tarehe.

Ameniletea karatasi. Ina majina matatu, kwa sababu mlinzi alikuwa amesimama mlangoni.